Mtafsiri wa Filamu za Jumapili

Kambini, 4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako aliyeungua na jua mpaka shingo ina rangi mbili. Mimi mzima wa afya, isipokuwa kidole gumba nilichokibana juzi kwenye mlango wa lori, na hilo ni kosa la kidole. Nyie je? Magoti ya Mama yanasemaje? Mwambie soksi alizonifumia zimezua ugomvi hapa. Mpishi kaiba moja, anadai aliiokota.

Daraja limefika nguzo ya tano. Nachomelea vyuma kutwa nzima, jioni naona nyota hata nikifumba macho. Mtandao bado hakuna. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima mwendo wa saa nzima, ukifika juu chaji imeisha. Basi tuendelee na barua, na posta wetu ni dereva wa lori la mafuta, anayekuja kila baada ya wiki mbili, akijisikia.

Sasa jambo lenyewe. Diski zako tatu zimefika. Jumapili baada ya chakula cha mchana tunaziba madirisha ya bwalo kwa mablanketi, tunajazana watu arobaini na wawili mbele ya televisheni moja, na kwa joto lake ungeweza kuoka mkate. Nimetoa maksi kati ya kumi kama ulivyotaka.

Ya wezi wa treni: nne. Stelingi anachomelea mlango wa sefu bila kioo usoni! Cheche zinamrukia kwenye kope na yeye anatabasamu. Mafundi sita tulisimama tukapiga kelele. Ingekuwa kweli, jioni ile ile angekuwa anapapasa ukuta na filamu imekwisha.

Ya daktari na pacha wake: sita na nusu. Nusu ni ya yule muuguzi mnene asiyeongea. Mpishi katoa nane kwa sababu alilia. Nikamwambia wewe hulia hata ukikata vitunguu.

Ya mjane na mpima ardhi: tatu. Saa mbili nzima wanatazamana dirishani. Kama unampenda mtu, vuka barabara.

Halafu nina swali. Diski zote tatu zina yule jamaa anayetafsiri kwa sauti juu ya picha. Anawaigiza wote peke yake, bibi, mtoto, polisi, mpaka treni yenyewe. Ni nani huyu? Bwalo zima linamuulizia. Kuna mahali tulimcheka yeye mpaka filamu tukaisahau.

Wako,
Kaka

*

Nyumbani, 27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na doa la dizeli kwenye kona. Mama kaishika, kainusa, akasema, "Mzima huyu." Ndipo akaniruhusu niisome. Magoti yake, anasema, hayasemi, yanapiga kelele, hasa akipanda ngazi za nyuma. Lakini anapanda.

Dukani wamenipa mashine mpya ya kusaga lenzi, na sasa naiamkia kabla ya bosi. Wiki jana alikuja mzee mmoja na mkewe. Nikamvalisha miwani mipya, akamtazama mkewe kwa muda, akaivua taratibu, akasema, "Binti, nirudishie ile ya zamani." Mkewe alicheka kuliko sisi wote.

Tatu, Kaka? Mjane na mpima ardhi umewapa tatu? Una moyo wa bati. Irudie uangalie pazia, usiwaangalie watu. Kila asubuhi mjane analifungua kidogo zaidi ya jana. Siku ya mwisho limefunguka lote na yeye hayupo dirishani, kwa sababu ameshuka barabarani. Mimi nimetoa tisa. Moja nimeikata kwa ajili ya viatu vya mpima ardhi.

Treni tunakubaliana. Pacha wa daktari, saba.

Nimekufungia nne nyingine. Andika kila kitu, usifupishe. Hata mlipochekea, niandikie ni wapi hasa, na nani alianza. Na pale mliposinzia pia.

Mdogo wako

*

Kambini, 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za huku ni za mvua. Mto umepanda, tumekaa siku tisa bila kugusa chuma, watu wanacheza karata mpaka karata zimelowa kwa jasho la vidole. Mwambie Mama asisikilize redio, kambi iko kwenye mwinuko, maji hayatufikii.

Kwa sababu ya mvua tumemrudia mjane. Nimeangalia pazia. Haya, umeshinda, naongeza mpaka tano. Mpimaji wetu kasema yule mpima ardhi anashikilia vifaa vyake kama mwavuli, kwa hiyo sita haipati.

Hizi nne mpya. Ya mashindano ya kupika: saba. Mpishi alinyamaza kimya, na hilo peke yake lina thamani ya maksi mbili. Ya jini la kwenye lifti: mbili. Ya mwalimu wa hesabu anayetoroka gerezani: nane, tungefika tisa lakini tulijua mlinzi atamsaidia tangu alipomwomba chumvi. Ya nne ya ng'ombe aliyepotea nimeshindwa kuipa. Ng'ombe alikuwa mwigizaji bora kuliko wote.

Umesema niandike tulipochekea. Kwenye ya ng'ombe tulicheka pale bibi wa mlangoni anapomjibu polisi. Aliyeanza ni dereva wa tingatinga. Ila bibi mwenyewe kwenye picha hasemi kitu cha kuchekesha. Ni yule mtafsiri. Nimegundua bibi zake wote ni bibi mmoja. Kabla hajasikia vizuri anasema, "Eti nini?" na ukirudia anajibu swali la jana. Namjua mtu wa namna hiyo, Dada, ila simkumbuki. Nalala nikimtafuta.

Na swali langu umeliruka. Nimeuliza huyu jamaa ni nani, wewe ukanijibu mapazia.

Kaka

*

Nyumbani, 8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama kasikia habari ya mto kwenye redio hata hivyo, akaacha kula siku mbili, kisha barua yako ikafika akala za siku tatu. Tumepaka rangi chumba cha mbele. Rangi iliandikwa "maziwa" kwenye kopo lakini ukutani imekuwa ya chai.

Jini la lifti umelionea. Mimi nimetoa tano, kwa sababu lile jini linaogopa ghorofa ya saba na hawakueleza kwa nini. Napenda filamu inayobaki na siri yake.

Kuhusu mtafsiri, mwenye duka la diski anasema watu humwita Bwana Sauti. Hana picha kwenye jalada. Basi, hayo ndiyo aliyonieleza.

Lakini na wewe, mbona unamshikilia hivyo? Wewe mpe maksi tu kama unavyozipa filamu. Ungempa ngapi?

Zimo mbili ndani ya bahasha. Ya mkuu wa stesheni nimeambiwa ni mpya kabisa, mimi sijaiona. Iwekeni mwisho.

Mdogo wako

*

Kambini, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Nguzo ya sita imesimama. Leo sina habari za mpishi.

Jumapili tuliweka kwanza ile ya wajenzi wa meli. Stelingi akashika mashine ya kuchomelea, uso wazi, na kabla hatujafungua midomo, mtafsiri akasema, "Kioo, jamani, vaa kioo! Kuna mafundi watakupa nne!" Bwalo likapasuka kwa kicheko. Mpimaji alianguka kutoka kwenye benchi. Mimi sikucheka. Nilijiuliza, nne ile nimemwandikia mtu mmoja tu duniani. Imemfikiaje huyu?

Nikajiambia ni bahati. Tukaweka ya mkuu wa stesheni.

Ni filamu ya polepole, sijui kama umeshaiona. Mzee anamsindikiza kijana wake kwenye treni. Wamegombana, hatujaambiwa kwa nini. Treni inaanza kusogea, mzee anafungua mdomo kusema neno. Ikatoka sauti ya Baba.

Sisemi ilifanana. Ilikuwa ya Baba. Ule upepo aliokuwa akiuvuta kwenye pengo la meno kabla ya kusema jambo kubwa. Ule mkwaruzo. "Sikia nikuambie," akasema. "Mlango ule sijaufunga mimi. Ukiukuta umefungwa, ni upepo." Na mzee wa kwenye picha alikuwa ameshafunga mdomo wake, Dada. Kafunga mdomo, kavaa kofia, kageuka, na sauti bado inasema.

Nilitoka nikajigonga kwenye meza mbili. Nilikaa nyuma ya jenereta mpaka dereva wa tingatinga akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyoka. Hapo ndipo nikamkumbuka bibi wa "eti nini". Ni bibi yetu, mama yake Baba. Na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumwigiza.

Miaka sita sijaandika jina lake, hata lile la utani. Nitaliandika: Kasuku. Mdogo wetu wa mwisho, aliyeigiza walimu, majirani, mlango wa kabati. Siku tuliyomzika Baba nilikuwa naingia chumba cha nyuma kuchukua viti. Nikasikia Baba anaongea. Nikafungua, Kasuku ameketi kitandani, ndiye anayeitoa ile sauti, na Mama mbele yake kajifunika uso kwa shuka, analia. Baba hajamaliza hata nusu siku ardhini. Nilimpiga kofi. Nikamkokota kwa kola kupita sebuleni, mbele ya watu wote, nikamwambia nyumba hii haina nafasi ya mchekeshaji. Akaondoka na viatu vya ndani.

Wewe ulikuwa jikoni. Hujawahi kuniuliza, nami nikashukuru kwamba huulizi.

Sasa nauliza mimi. Ulijua?

Kaka

*

Kambini, 25 Mei

Dada,

Lori limekuja mara mbili. Limeleta dizeli, unga na misumari. Dereva kaapa hakuna bahasha.

Kama Mama anaumwa, nijulishe. Kama ni mimi umenichoka, nijulishe pia.

Tumeangalia filamu ya mkopo kutoka kambi ya jirani, haijatafsiriwa. Watu waliondoka kabla ya nusu. Sikutoa maksi.

Kaka

*

Nyumbani, 2 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama haumwi. Dereva hakukudanganya, ni mimi ambaye sikuandika. Nimeanza mara tano, na karatasi zote nimewashia jiko.

Nilijua. Ni miaka minne sasa.

Alikuja dukani kupima macho. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine, nikamsikia mteja anamsomea mwenzangu herufi za ubaoni kwa sauti ya mwalimu wetu wa darasa la tatu, na kikohozi chake chote. Nilijua kabla sijainua kichwa. Macho yake yameharibika kwa kukaa usiku na mchana mbele ya kioo cha televisheni. Lenzi zake nilizisaga mwenyewe, na siku ile niliharibu mbili. Aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Akiniulizia, mwambie. Asiponiulizia, mwache." Basi nikasubiri umuulizie mdogo wetu, si mtafsiri. Kaka, miaka minne nilisubiri.

Barua zako za filamu ninamsomea kwenye simu. Kila neno. Ndiyo maana nilitaka kujua mlipochekea. Ukitoa nane anapiga mluzi. Ulipompa sifa ng'ombe, alisema, "Yule ng'ombe pia ni mimi." Lakini sauti ya Baba hakuniambia kama ataiweka. Nilipokwambia sijaiona ile filamu, sikudanganya. Aliniomba tu niseme iwe ya mwisho.

Ulipouliza, ningeweza kukujibu siku ile ile. Kilichonizuia si yeye, ni Mama. Nilimsomea barua yako ya Aprili mpaka pale pa chumba cha nyuma, akaninyang'anya karatasi. Hakunisemesha siku kumi na moja. Leo asubuhi kaja kuketi hapa nilipo, kasema, "Chukua kalamu. Andika ninavyosema, usinipambie." Haya ni maneno yake:

"Mwanangu, hakuwa anafanya mzaha. Mimi ndiye nilimwomba. Tangu alfajiri kila aliyeingia aliniita mjane. Pole mjane, kaa mjane, kula mjane. Nikamwambia mdogo wako, wewe unaiweza sauti yake, niite jina langu kama alivyoniita yeye, mara moja tu nisikie. Alikataa. Nikamsihi. Akaniita. Nikamwambia tena. Ndipo ukaingia. Mikono yako ilikuwa myepesi kuliko ulimi wangu. Watu wamejaa sebuleni, nikaona haya, watasema mama huyu amerukwa na akili. Nikanyamaza. Na yeye alinyamaza ili nisiaibike. Kesho yake wewe ulirudi kazini, na mimi nikasema nitamwambia akirudi. Umerudi mara nane. Kosa ni langu, usimwachie yeye."

Hapo kanyanyuka, anasema anaenda kuangalia sufuria. Hakuna sufuria jikoni.

Anakofanyia kazi nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ni mji wa reli, unashuka stesheni unaulizia duka la magodoro. Hajui kama nimekupa.

Mdogo wako

*

Mji wa reli, 29 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo, na Mama hajambo? Ningeweza kupiga simu, hapa mtandao umejaa tele. Lakini kwenye simu nisingemaliza, na mwenye duka la magodoro ananitazama.

Msimamizi alinipa siku nane baada ya kumwambia ukweli. Nilitaka kusema nina mgonjwa, ulimi ukakataa. Akasema, "Ndiye yule Bwana Sauti? Nenda. Muulize jini lile kwa nini linaogopa ghorofa ya saba." Nimesafiri kwa saa kumi na moja kwenye lori, nikijipangia hotuba.

Anafanyia kazi juu ya duka hili. Ngazi za mbao, mwisho kuna mlango wenye taa nyekundu, na karatasi: TAA IKIWAKA, NGOJA. Ilikuwa inawaka. Nikaketi kwenye ngazi na mfuko wangu. Dada, nilingoja karibu saa mbili, nikiwasikia watu ndani. Hakimu. Wachumba wawili wanagombana. Mtoto anayedai maji. Mbwa. Nilihesabu kumi na saba, na nilijua ndani yumo mtu mmoja tu, sauti imeanza kumkauka, akikohoa anaanza upya.

Taa ikazimika. Akatoka na kikombe mkononi. Amenenepa. Miwani yako ni mizito kama vitako vya chupa. Alinitazama, akarudi nyuma hatua moja. Nikaangalia nilikosimama, nikaona nimeinua mkono, nilikuwa nimeshika ukuta ili nisimame. Nikaushusha upesi. Hotuba yote ikanipotea. Nikasema, "Mama amenieleza. Nimekukosea. Nilikukosea hata kama asingenieleza."

Akasema, na sauti yake mwenyewe ni ndogo, ya chini, nilikuwa nimeisahau kabisa: "Miaka sita, Kaka. Dada kanisomea barua zako zote. Uliandika habari za ng'ombe kabla ya kuuliza habari zangu."

Nilimwambia, "Ndivyo ilivyokuwa." Akakaa kwenye ngazi, si karibu sana, akanywa maji yake. Baadaye akasogeza kikombe upande wangu.

Alinionyesha chumba. Kimejaa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, kiti kimoja, feni iliyozimwa kwa sababu inasikika kwenye kinasa. Nikamuuliza ile sauti ya Baba, anaitoa kila mara? Akasema hapana, ametoa mara mbili tu maishani, ya kwanza kwa Mama, ya pili kwangu, na haina ya tatu. "Ilinichukua siku nne," akasema, "nilikuwa naikuta kooni halafu inanikimbia." Sikuomba anirudie. Nikamuuliza filamu ya wajenzi wa meli angeipa ngapi yeye mwenyewe. Tano, alisema, mwisho wake ni wa uvivu. Nilikuwa nimeipa saba. Tukabishana mpaka jua linashuka, na ni mkaidi, hajabadilika.

Nimelala kwake, yeye sakafuni, alikataa kabisa nilale chini. Asubuhi nikamuuliza neno lililokuwa linanisumbua tangu kwenye ngazi. Ndani ya filamu zake nimemsikia bibi, Baba, majirani, wewe pia, yule mwanamke wa duka la maua ni wewe mtupu. Mimi sijawahi kujisikia. Kwa nini?

Akafunga vifungo vya shati kwanza. "Wewe sikuthubutu," akasema. "Hata nikiwa peke yangu humu ndani, mlango umefungwa."

Nikamwambia athubutu.

Alisimama katikati ya chumba, akavimbisha shingo, akaanza: "Kama unampenda mtu, vuka barabara! Kulia si maksi! Mbili, sitoi zaidi, mpimaji kaa chini!" Nikajisikia, Dada. Kumbe ndivyo ninavyozungumza, kama mtu anayegonga bati? Kisha akaigiza ninavyokoroma, anasema nakoroma kwa sauti tatu, na ya tatu ni ya swali. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mwenye duka alipanda kuuliza nani mwingine yumo ndani.

Barua hii nampa dereva wa basi la mchana, utaipata kesho. Sisi tunakuja Jumamosi, wote wawili. Mwambie Mama leo leo, asishtukie mlangoni na magoti yale.

Kaka yako